Pikipiki Ndefu kwa Bei Fupi

Pikipiki ya porini hutambulika kwa umbo kabla ya jina. Kwa kawaida rimu ya mbele ni ya inchi 21 na ya nyuma inchi 18. Madigadi ya mbele yameinuliwa mbali na tairi, ekzosi imepandishwa karibu na kiti, shokapu ni ndefu, na mtu wa kimo cha wastani akiikalia hugusa ardhi kwa vidole tu. Katika mkoa wa Lindi umbo hilo hufungamana na majina mawili, Honda XL na Yamaha DT, yakifuatiwa kwa mbali na AG za Yamaha na TF za Suzuki.

Juu ya pikipiki hizo imejengeka rai ambayo mpanga safari hukutana nayo popote aulizapo, iwe kwa fundi, kwa dalali, kwa afisa kilimo mstaafu au kwa mgeni aliyeshuka Afrika kutokea Cairo. Rai yenyewe ni hii. Pwani ya Lindi ina barabara kuu moja ya lami. Nje ya hapo ni mchanga, udongo mweusi wa mbuga, mito ya msimu na vilima vya Umatumbi. Anayetaka kufika mapango ya Nang'oma, au Nandete palipong'olewa pamba Julai 1905 na Vita vya Maji Maji vikaanza, au kilima cha Tendaguru, au kukata pori kutoka Nangurukuru hadi Liwale, hawezi kwenda na Boxer au TVS ya bodaboda, yenye tairi nyembamba na tumbo lililo karibu na ardhi. Pikipiki ya porini iliyo mpya bei yake haishikiki. Basi atafute iliyotumika: ya mnada wa serikali, ya mradi uliofungwa, ya misheni. Ataipata kwa bei ya Boxer mpya au chini yake, na atakuwa amepata chuma cha Kijapani kisichokufa, kisicho na umeme mwingi, ambacho fundi yeyote atakitengeneza chini ya mwembe.

Rai hii haitokani na wajinga. Waliojenga hoja hiyo wamepanda pikipiki hizo na wanazijua kwa vifundo vyao vya miguu. Kasoro yake ni kwamba karibu kila kipande chake kilikuwa kweli mahali pengine, au wakati mwingine, na mlipaji wa tofauti hiyo ni mnunuzi.

1. Chuma kisichokufa

Sifa ya XL na DT huku kusini ni ya enzi za kivuko cha Ndundu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa baadaye kabla lami haijaunganishwa kati ya Ndundu na Somanga, masika iliweza kuitenga Lindi na Mtwara na nchi nzima. Aliyefika vijijini nyakati hizo alikuwa bwana shamba, bwana afya, katekista au mtumishi wa mradi. Ilikuwa enzi ya wafadhili, mradi wa RIPS uliogharimiwa na Finland katika mikoa hiyo miwili ukiwa miongoni mwa iliyovuma zaidi. Wanakijiji waliona pikipiki ndefu ikipita mahali palipoishinda Land Rover, na picha hiyo ikabaki.

Ambacho hakikuonekana kijijini ni ofisi iliyokuwa nyuma ya pikipiki. Chombo cha mradi kilikuja na sanduku la spea, daftari la safari, fundi wa mshahara, oili iliyobadilishwa kwa tarehe badala ya kwa kusikilizia, na bosi wa kusaini ombi la tairi mpya. Uimara uliosifiwa ulikuwa wa karakana. Mradi ulipokwisha karakana ilifungwa, fundi akaenda kutafuta riziki kwingine, na chuma kikapelekwa mnadani peke yake. Mnunuzi wa leo anaambiwa habari za pikipiki iliyohudumiwa kwa bajeti ya Ulaya, kisha anakabidhiwa ileile baada ya miaka ishirini ya kuhudumiwa kwa waya wa kufungia uzio.

Watetezi wenyewe hujipinga hapa. Wakiulizwa kwa nini inafaa, husema haifi. Wakiulizwa kwa nini inauzwa chee, husema imechoka kidogo, inataka mtu wa kuipenda. Idara iliyokuwa nayo, yenye sababu zote za kuipenda, iliiondoa vitabuni kwa kuwa gharama ya kuitembeza ilizidi kazi yake. Mtu binafsi mwenye mfuko mdogo anatarajiwa kufaulu palipoishinda idara.

2. Fundi yeyote, chini ya mwembe wowote

Mafundi wapo, na ni hodari. Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Somanga, Mchinga na Lindi mjini hapakosi mtu wa kushusha injini ya pikipiki asubuhi na kuirudisha kabla ya magharibi. Lakini fundi hatengenezi kwa mikono mitupu. Anategemea duka lililo jirani yake, na duka hilo limejaa kile kinachouzika: sahani za klachi za Boxer, kabureta za TVS, cheni, pistoni na ringi za pikipiki za Kichina, tairi za inchi 17 na 18. Ringi za DT hazimo. Tairi ya inchi 21 haimo. Vitaagizwa Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Kilwa na zaidi ya 400 kutoka Lindi, vipakiwe kwenye basi na konda, na vikifika viwe vya mwaka mwingine wa toleo, kwa sababu aliyetumwa Kariakoo alielezwa kwa simu.

Hapo ndipo fundi hodari anapolazimisha. Kabureta inawekwa ya Kichina, kwa kuwa inakaribia kuenea. CDI inatolewa kwenye chombo kingine na waya zinaungwa kwa kubahatisha. Rimu ya mbele ya 21 ikipinda inapachikwa ya 18, na pikipiki inainamisha pua. Kila hatua ni busara ya siku hiyo na inamwezesha mtu kufika nyumbani. Baada ya miaka michache ya busara za namna hiyo kinachobaki cha Kijapani ni maandishi ya kwenye tangi, nayo yamechorwa upya na mpaka rangi.

Historia ina kejeli yake hapa. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, injini iliyoundwa makusudi kwa nchi ambazo mwenye pikipiki huchelewa kubadili oili: valvu zake husukumwa kwa vijiti badala ya kuendeshwa na cheni ya ndani, na sehemu zinazoharibika ni chache. Wachina waliinakili injini hiyo kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania zilikuja nayo au na ndugu yake. Wahindi nao hawakuanza gizani. Bajaj ilishirikiana kwa miaka mingi na Kawasaki, na TVS ilikuwa na ubia na Suzuki hadi 2001. Kwa maneno mengine, ufundi wa Kijapani uliokusudiwa hasa kwa barabara za namna hii unapita Nangurukuru kutwa kucha ukiwa na gunia la ufuta mgongoni, na anayetafuta ufundi wa Kijapani anaupisha njia ili akafukue mwingine uliolala bandani Nachingwea.

3. Mchanga, mbuga na kimo

Hoja ya umbo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Gurudumu kubwa la mbele hupanda mzizi na kingo za makorongo kwa urahisi zaidi. Madigadi yaliyoinuliwa hayajazwi na udongo mweusi, ilhali ya bodaboda hushika matope hadi tairi ikagoma kuzunguka na dereva akashuka kuchokonoa kwa kijiti. Injini iliyo juu haigongi jiwe. Hayo yote ni kweli kwa pikipiki iliyotoka kiwandani.

Kwa ile ya bei chee mambo hubadilika. Sili za shokapu za mbele zimepasuka na mafuta yamevuja zamani. Ya nyuma imebaki springi tupu, na bushi za mkono wake zimelika. Shokapu ndefu iliyokufa haina faida ya urefu; ni kiti kirefu tu, na kiti kirefu kwenye mchanga ni hasara. Mchanga wa njia za pwani hauangushi kwa kasi. Huangusha taratibu, mwendo ukiwa mdogo na usukani ukienda kombo, na dawa yake ni mguu kufika chini mapema. Dereva mwenye mguu unaofika hujisukuma akapita, lakini aliyening'inia juu huanguka, akainua, akapiga kiki mara kumi na tano kwenye jua la saa saba, akaanguka tena mbele kidogo. Wageni wanaoleta mashine kubwa za sentimita za ujazo 650, zenye uzito unaozidi kilo 170 kabla ya mizigo, hulijua somo hili vizuri, ingawa kwenye simulizi zao za safari husema mchanga ulikuwa mwingi.

Wakati huohuo bodaboda, ambayo kwa nadharia haiwezi, iko kazini. Inampeleka mjamzito zahanati, inaleta korosho ghalani, inashusha mwalimu Kipatimu na mkaa Kivinje. Vijiji vinavyotajwa kama uthibitisho wa ulazima wa pikipiki ndefu huhudumiwa kila siku na pikipiki fupi, zenye abiria wawili na kuku. Hata mwenye DT ikimfia njiani, anayemfuata ili kumrudisha Nangurukuru huja na Boxer.

Hubaki masika. Husemwa kwamba bodaboda hufaa kiangazi tu, na mvua ndiyo hudai chombo cha kweli. Ila masika yanayoishinda bodaboda huku mara nyingi ni ya mito, na mto hauulizi urefu wa shokapu. Matandu na Mbwemkuru zikijaa hakuna rimu ya inchi 21 inayozivuka. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu eneo la Somanga, malori na mabasi yalipanga foleni pande zote mbili, na mwenye pikipiki ndefu alisubiri kama abiria wa basi. Katika miezi ambayo faida ya umbo ingeonekana, njia imefungwa. Katika miezi ambayo njia iko wazi, faida hiyo ni ndogo kuliko bei yake.

Tendaguru inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa huitwa shahidi kila mara. Kilima hicho kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba hapo mifupa ya dinosaria, na zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zikasafirishwa hadi Berlin. Hadi bandari ya Lindi zilifika kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kwa mwendo wa siku kadhaa kila safari. Anayedai leo kwamba mtu mmoja na begi lake hawezi kufika huko bila chombo maalumu anatetea kitu kingine, pengine picha atakayopigwa akiwa amesimama kando ya chombo hicho. Si kosa, mradi gharama iandikwe kwenye fungu la picha.

4. Lita na kilomita

Barabara ya Nangurukuru hadi Liwale ni kilomita 230, zikipita Njinjo na mapori ya miombo yenye mbung'o wa kutosha. Pikipiki ya tu-stroku iliyochoka, kama DT, ikienda kilomita 25 kwa lita na ikiwa na tangi la lita 7, huishia kilomita 175. Boxer yenye tangi la lita 11 hivi, ikienda 40 kwa lita, ingefika Liwale na kurudi zaidi ya nusu ya njia. Mwenye tu-stroku ataongeza petroli ya chupa kijijini, ambayo huenda imekutana na mafuta ya taa, na atachanganya oili kwa mkono kwa sababu pampu yake ya oili ilikwisha kufungwa na mmiliki wa tatu. Akipunguza oili, pistoni hukamata silinda. Akizidisha, plagi hulowa. Kwa nini chombo kisichofika kiitwe cha safari ndefu ni swali ambalo wanaokisifu hawajawahi kulijibu.

5. Kadi

Pikipiki ya mradi ilikuwa na namba za DFP, na ya idara namba za serikali. Chombo kilichoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi hakipotezi deni lake kwa kuzeeka: kikiuzwa kwa asiye na msamaha, ushuru huhesabiwa. Muuzaji wa mkono wa nne, ambaye alinunua kwa aliyenunua kwa aliyenunua mnadani, hana hati ya mnada wala risiti ya ushuru. Ana karatasi ya makubaliano yenye sahihi mbili na shahidi mmoja. Kadi ya usajili iko kwa jina la mradi uliokufa, la parokia, au la marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa. Kuhamisha umiliki TRA kunahitaji muuzaji anayetambulika, na mradi uliofungwa haufiki dirishani.

Kisha kuna namba ya chesisi. Kwenye chuma kilichokaa pwani miaka thelathini, kutu imekula nusu ya tarakimu, na injini mara nyingi ni ya pikipiki nyingine. Askari wa kizuizini hana kifaa cha kutofautisha kutu na ufutaji wa makusudi, na hana wajibu wa kukisia kwa manufaa ya dereva. Rai ya chuma kisichokufa haijawahi kusema lolote kuhusu karatasi, ingawa ndizo hufa kwanza.

6. Nunua, kisha tengeneza taratibu

Ngome ya mwisho ya rai hii ni ya kiuchumi. Hata kama ni mbovu, husemwa, imenunuliwa kwa fedha kidogo, na kilichobaki kitatengenezwa polepole. Orodha ya kilichobaki huwa na mpangilio wake: tairi mbili, cheni na sproketi zake, beringi za magurudumu, golori za usukani, sahani za klachi, nyaya zote, sili za shokapu, kuchonga silinda na pistoni ya ovasaizi. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Kwa DT kila kimoja pia ni safari ya basi, na silinda iliyokwisha kuchongwa hadi ovasaizi ya mwisho haichongwi tena. Hutafutwa nyingine, nzima, kutoka kwenye pikipiki nyingine iliyokufa. Hivyo huzaliwa desturi ya kununua ya pili ili kuilisha ya kwanza. Mwenye pikipiki mbili zisizotembea bado huhesabu kwamba alinunua chee, kwa kuwa zote mbili zilikuwa chee.

Ubovu mwingi ungeonekana siku ya kwanza kama mnunuzi angeangalia panapostahili. Injini hupapaswa kabla ya kuwashwa: ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuiamsha ili isione aibu mbele ya mgeni. Oili nzito kupita kawaida imewekwa ili kunyamazisha mlio. Kwenye injini yenye valvu, moshi wa buluu usiokoma baada ya kupata moto ni oili inayopita kwenye ringi. Gurudumu la nyuma likishikwa juu na chini na kutikiswa, bushi zilizolika hugonga. Pwani ina kipimo chake cha ziada, kisichomo kwenye vitabu vya wageni: samaki. Pikipiki iliyobeba samaki kutoka Kivinje au Somanga imechuruzikiwa maji ya chumvi kutoka kwenye keria hadi spoku za nyuma, mkono wa shokapu na chesisi chini ya kiti. Rangi mpya huficha tangi, lakini haifiki chini ya kiti. Kung'oa kiti huchukua dakika chache, na muuzaji anayedai nati imegoma atakuwa anasema kweli, maana imegandishwa na kutu ileile.

Kipimo hicho hakiibagui bodaboda. Boxer iliyotumika na kubeba samaki ni kimeo kama DT iliyobeba samaki, na huenda imefanya kazi ngumu zaidi. Tofauti ni ya baada ya hapo: kila kilichooza kwenye Boxer kinapatikana umbali wa kutembea kwa miguu, kwa bei inayojulikana na kila mtu sokoni, na anayeiuza tena hupata mnunuzi wiki hiyohiyo.

7. Msimu wa kununua na anayebaki na pikipiki ndefu

Bei za pikipiki zilizotumika mkoani Lindi hufuata mazao. Minada ya korosho huanza kwenye Oktoba, fedha zikaingia vijijini, na kila chenye magurudumu mawili hupanda bei, kimeo pia. Kati ya Februari na Aprili, kabla ufuta haujaanza kuuzwa katikati ya mwaka, fedha zimekwisha na ada za shule zimelipwa kwa kukopa. Wauzaji ni wengi na wanunuzi wachache. Wapanga safari hununua Juni, njia zinapokauka, yaani wakati ufuta nao unaingiza fedha na kuinua bei.

Pikipiki ndefu iliyotumika inabaki na mnunuzi wa aina moja: mwenye kadi safi mkononi kabla ya kulipa, ambaye amenunua ringi, sahani za klachi, nyaya na tairi ya mbele ya akiba kabla hajanunua pikipiki yenyewe, ambaye anaishi karibu na Dar es Salaam kuliko Liwale, na ambaye ana chombo kingine cha kwendea kazini. Kwake ni starehe halali. Asiye na hayo, akitaka kuona Nandete au Tendaguru kiangazi hiki, anahitaji pikipiki ya sentimita za ujazo 125 au 150 ya aina inayotengenezwa Nangurukuru, yenye sproketi ya nyuma iliyoongezwa meno machache kwa ajili ya vilima vya Umatumbi, tairi za vifundo, madigadi ya mbele yaliyopandishwa kwa vipande viwili vya bati na nati nne, na upepo uliopunguzwa kidogo kwenye tairi anapoingia mchangani. Kazi yote hiyo, kwa fundi aliye chini ya mwembe, ni ya siku moja.